Neno "Maumbile" na Urithi wa Binti

Hakuna neno lifungalo mazungumzo upesi kama neno "maumbile". Zamani wazee walipoketi kugawa kihamba cha marehemu, na binti akathubutu kuuliza kwa nini jina lake halikutajwa, alijibiwa, "Ndiyo mila." Siku hizi jibu hilo limepungua nguvu, kwani vijana wamesoma, nao wajua ya kuwa mila imewekwa na watu, na watu waweza kuigeuza. Basi limeletwa jibu jingine. Binti huambiwa kwamba mwanamume ameumbwa kushindana na kushika mali, mwanamke ameumbwa kulea. Tena ya kuwa wenye elimu wa Ulaya na Marekani wamekwisha kuyathibitisha hayo. Mila yaweza kubishiwa. Nani abishane na maumbile?

Twaona yatupasa kuuliza wenye elimu hao ni akina nani, na ni nini hasa walichothibitisha. Hatuna haja ya kwenda mbali, kwani sehemu kubwa ya ushahidi wao ilichukuliwa katika nchi hii yetu, kwa Wamasai na kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambako mtu aliyepanda gari alfajiri karibu na soko la Kiboriloni aweza kufika kabla jua halijachwa.

Elimu tunayoisema ni tawi la elimu ya nafsi. Wafuasi wake hufundisha hivi: kama vile mkono na jicho vilivyopata umbo lake kidogo kidogo katika vizazi visivyohesabika, ndivyo moyo wa mtu nao, yaani hofu yake, wivu wake na mapenzi yake, ulivyopata umbo zamani zile watu walipoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, kabla ya jembe na ng'ombe. Jerome Barkow, Leda Cosmides na John Tooby waliyakusanya mafundisho hayo katika kitabu kiitwacho The Adapted Mind, kilichotoka mwaka 1992. Msomaji Mkristo asifunge gazeti hapa. Hatubishani leo juu ya kitabu cha Mwanzo. Asemaye "ni maumbile" na asemaye "ndivyo Mungu alivyopanga" hukutana mlangoni pa kihamba, na hukumu yao juu ya binti ni moja. Nasi twawauliza wote wawili swali moja: umejuaje?

Swali hili si jipya, wala hawakuwa wa kwanza kuuliza wale waitwao leo watetezi wa haki za wanawake. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu, aliandika ya kuwa mwanamume humpita mwanamke katika kila kazi aishikayo, iwe ya akili au ya mikono. Miaka minne baadaye alijibiwa na Antoinette Brown Blackwell wa Marekani, mwanamke aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji wa kanisa la Kikongregeshono mwaka 1853, jambo lililokuwa geni kabisa katika nchi yake. Hakumtukana Darwin, wala hakukataa mageuko ya viumbe. Alisema tu ya kuwa hesabu ya Darwin ni pungufu: amehesabu kwa uangalifu kila kitu ambacho wanyama wa kiume wamekipata, pembe, manyoya na nguvu, na upande wa kike ameupita mbiombio. Jibu hilo lapendeza kwa sababu halikutaka huruma. Lilitaka hesabu ikamilike. Hata hivyo ilipita karibu miaka mia kabla ya kusikiwa.

Tuje kwa Wahadzabe. Mwaka 1966 wataalamu walikutanika mjini Chicago kuzungumza juu ya watu waishio kwa kuwinda na kuokota, na miaka miwili baadaye maneno yao yakatolewa katika kitabu kilichoitwa Man the Hunter, yaani mwanadamu, au mwanamume, mwindaji. Maana katika Kiingereza neno lile moja hubeba yote mawili, na mumo humo mlijificha kosa. Katika kitabu hicho Sherwood Washburn na mwenzake waliandika ya kuwa akili ya binadamu, hisia zake na maisha yake ya jamii yote yametokana na uwindaji. Lakini katika kitabu hicho hicho James Woodburn, aliyekaa na Wahadzabe, alieleza ya kuwa sehemu iliyo kubwa ya chakula chao, kwa uzito, ilikuwa ya mimea. Na Richard Lee alionyesha jambo kama hilo kwa watu wa jangwa la Kalahari. Kazi ya kuchimba mizizi na kuchuma matunda ni ya wanawake hasa. Basi kitabu kilichomsifu mwindaji kilikuwa na ushahidi ndani yake wa kumpunguzia sifa, na wengi walisoma jina la jaladani wakaridhika. Ni Sally Slocum, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyesema wazi ya kuwa elimu hii imemsahau mwanamke mwokotaji, na ya kuwa imemsahau kwa sababu ya nani aliyekuwa akiuliza maswali.

Kulalamika ni jambo moja, kupima ni jingine. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes, pamoja na James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikwenda kwa Wahadzabe na mizani. Walifuatana na watu porini, wakaandika saa za kazi, wakapima kilichorudishwa kambini, wakapima na watoto. Wawindaji walikuwa hodari, lakini bahati ya mnyama mkubwa ilikuwa haba: kwa hesabu yao mwindaji mmoja aliua mnyama mkubwa takribani mara moja katika siku 30, na nyama ile iligawiwa kambi nzima, haikuwa ya mkewe na watoto wake peke yao. Mtoto aliyeachishwa ziwa hawezi kungoja siku 30. Waliona ya kuwa mama asiye na mtoto mchanga, kadiri alivyochimba zaidi, ndivyo watoto wake walivyonenepa. Lakini alipojifungua tena na kazi yake ya kuchimba ikapungua, unene wa yule mkubwa ulifuata kazi ya bibi yake. Vikongwe wale, ambao kwa macho ya haraka wamekwisha kumaliza kazi yao duniani, walichimba ardhi ngumu kwa kijiti kilichochongwa kwa saa nyingi kuliko wanawali.

Kutoka hapo Hawkes na wenzake walitoa dhana iliyovuma mwaka 1998: ya kuwa huenda maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma kuzaa, jambo lililo haba kwa sokwe, yalipata nafasi katika ukoo wa binadamu kwa sababu ya mabibi waliolisha wajukuu. Ni dhana, wala sisi hatutaki iitwe zaidi ya hivyo. Frank Marlowe, aliyekaa na Wahadzabe tangu miaka ya 1990 na kutoa kitabu juu yao mwaka 2010, hakukubali baba aachwe nje ya hesabu: alipima naye, akaona ya kuwa mke akiwa na mtoto mchanga chakula aletacho mama hupungua, na chakula aletacho mume, asali na kadhalika, huongezeka. Twapenda ubishi wa namna hii. Kila mmoja amekwenda na mizani yake, na msomaji aweza kuona uzito. Marlowe alionya tena, nasi twalirudia onyo lake, ya kuwa Wahadzabe si masalio ya watu wa kale waliohifadhiwa ili wasomi waje kuwatazama. Ni watu wa leo, wana majirani, wana biashara, wana madai juu ya ardhi yao.

Sarah Blaffer Hrdy, ambaye ni mtaalamu wa mageuko ya viumbe na mtetezi wa wanawake pia, aliyaunganisha mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 2009, Mothers and Others. Asema mtoto wa binadamu ni mzigo mkubwa mno kwa mama mmoja. Tangu zamani alilelewa na wengi, bibi, shangazi, dada, baba. Uchaggani jambo hili halihitaji kitabu. Mwanamke ashukaye na mikungu ya ndizi alfajiri kwenda Kiboriloni amemwacha mtoto kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni bibi. Lakini kwa wale waliofundishwa ya kuwa maumbile yamemfunga mama nyumbani peke yake na mtoto, na baba nje na mshale, kitabu cha Hrdy ni kama kufunguliwa dirisha.

Upande wa watetezi wa wanawake nao una makosa yake. Mwaka 2023 yalitoka maandishi yaliyodai ya kuwa katika jamii 63 za wawindaji zilizochunguzwa, wanawake waliwinda katika 79 kwa kila 100. Magazeti ya dunia yalishangilia sana. Mwaka uliofuata kundi la wataalamu, wengine wao wanawake waliokaa miaka mingi na watu wa namna hiyo, walirudi katika vitabu vile vile vilivyotumiwa, wakaonyesha ya kuwa jamii hazikuchaguliwa kwa haki na ya kuwa mambo mengi yalihesabiwa visivyo. Wanawake huwinda mahali pengine, ni kweli. Lakini si kwa wingi ule. Na kwa nini ilihitajika hesabu kubwa vile? Kana kwamba mwanamke hana heshima mpaka ameshika upinde! Mchimba mizizi wa Eyasi alikuwa amekwisha kushinda kesi yake kwa kijiti.

Wako pia wasemao ya kuwa maumbile hayana neno lolote katika tabia ya mtu, yote ni malezi. Nao twawaona wamekimbilia shimo jingine. Mwaka 1989 David Buss alitangaza majibu ya watu zaidi ya 10,000 kutoka makundi 37 duniani, walioulizwa watafutacho kwa mchumba. Karibu kila mahali wanawake walitaja mali na kipato kuliko wanaume, nao wanaume wakataja ujana na uzuri. (Kutoka Afrika walikuwamo watu wa Nigeria, Zambia na Afrika Kusini tu, ukoo mkubwa wa wanadamu uliwakilishwa kwa watoto wachache.) Mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood waliyapitia majibu hayo upya, wakasema ya kuwa tofauti ile hupungua mahali wanawake walipokaribia usawa. Lakini mwaka 2020 wengine walirudia kazi hiyo katika nchi 45, wakaona tofauti ingaliko, na ya kuwa usawa wa nchi haukuipunguza kama ilivyodhaniwa, isipokuwa katika jambo la umri. Basi neno halijaisha. Sisi twasema hili tu: msichana wa mlimani ambaye hatapewa hata mgomba mmoja na baba yake, akimtazama mchumba atauliza kwanza, "Ana kihamba?" Mtu asiyejua desturi zetu akaandika jibu lake katika daftari, ataandika ya kuwa wanawake hupenda mali kwa maumbile yao.

Kipimo kilicho karibu zaidi nasi ni kile cha Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List, kilichotangazwa mwaka 2009. Walikwenda kwa Wamasai wa Tanzania na kwa Wakhasi wa Meghalaya, kaskazini mashariki ya Bara Hindi. Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi hata mtoto wa darasa la kwanza angalielewa. Kila mtu alipewa kurusha mpira mdogo katika ndoo mara 10. Kabla ya kurusha alichagua malipo yake: ama alipwe kiasi kidogo kwa kila mpira uingiao, ama ashindane na mtu asiyemwona, na akimshinda alipwe mara tatu, akishindwa asipate kitu. Hakuna aliyeombwa maoni juu ya mume na mke. Ilitazamwa tu ni nani achaguaye kushindana.

Kwa Wamasai, nusu ya wanaume walichagua mashindano, na wanawake 26 tu kwa kila 100. Kama habari ingaliishia hapo, wenye neno la maumbile wangalishangilia. Kwa Wakhasi ilikuwa kinyume: wanawake 54 kwa kila 100 walichagua kushindana, na wanaume 39.

Wakhasi ni watu gani? Kwao mtoto hufuata ukoo wa mama, na nyumba ya wazazi humwangukia binti wa mwisho, ambaye hukaa nao na kuwatunza katika uzee. Hapa Mchagga hana budi kushtuka kidogo. Kwetu nyumba ya wazazi na kihamba chake humwangukia mwana wa mwisho wa kiume, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwatunza. Kanuni ni ile ile, tena kwa watu wawili waliotengwa na bahari nzima. Kilichogeuka ni kwamba huko kitinda mimba ni msichana. Na kilipogeuka hicho, ikaonekana ya kuwa hata moyo wa kushindana, ule uliosemwa kuwa ni wa kiume tangu kale, uligeuka pamoja nacho.

Tusilipakie jaribio hili mzigo usioweza kubebwa. Waliorusha mipira walikuwa wachache; jamii zilikuwa mbili tu; na mchezo wa ndoo si maisha. Tena Wakhasi si watu wanaotawaliwa na wanawake, kwani mjomba ana sauti kubwa nyumbani, na mashauri ya kijiji tangu zamani yalikuwa ya wanaume. Jaribio halithibitishi ya kuwa maumbile hayana sehemu. Lathibitisha ya kuwa yule aliyeona wanaume na wanawake wa jamii moja tu, akaandika "ndivyo wanadamu walivyo", alifunga hesabu mapema.

Nasi wenyewe tumeona mambo kama hayo hapa mlimani. Kahawa ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna Mchagga wa kale aliyeirithi, wala mwindaji wa zamani za mawe hakuichuma. Hata hivyo, chama cha wakulima kilipoundwa mwaka 1925, na ushirika wa KNCU mwaka 1933, kahawa ilikuwa imekwisha kuwa "mali ya mwanamume", na ndizi zilizoota katikati ya mibuni ile ile zikabaki "mali ya mwanamke". Katika muda mfupi kuliko maisha ya mzee mmoja, mmea mgeni ulipata jinsia! Kisha bei ya kahawa ikaanguka, mibuni mingi ikang'olewa, na karo za shule zikalipwa kwa ndizi, maziwa na mboga. Atakayesema ya kuwa wanawake hawana moyo wa ushindani, na asimame asubuhi moja kati ya wauza ndizi wa Kiboriloni, ajaribu kununua mkungu kwa bei anayoitaka yeye.

Hata hivyo, twaomba msomaji azingatie jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Na tuseme kesho imethibitishwa kabisa ya kuwa, kwa wastani, wanaume hupenda kushindana kuliko wanawake. Ni njia gani itokayo hapo mpaka kwenye hukumu ya kwamba binti huyu, aliyewalea wazazi wake na kulima kihamba hiki miaka 20, asipate kitu, na kaka yake anayeishi mjini na kurudi Krismasi apate chote? Kwa wastani wanaume ni warefu kuliko wanawake, wala hatujasikia baraza la ukoo likigawa ardhi kwa futi na inchi.

Sheria imekwenda mbele ya midomo ya watu. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti katika daraja la tatu na la mwisho la warithi, nyuma ya mwana wa kwanza na nyuma ya wana wengine, na shamba la ukoo likafungwa zaidi kwao. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, huko Mwanza, aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake akaliuza. Ndugu wa ukoo akataka uuzaji ubatilishwe kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Jaji alikataa. Hakuingia kabisa katika habari ya maumbile. Alitazama Katiba na mikataba ambayo nchi imeitia sahihi, akaona ya kuwa kama mwanamume wa ukoo aweza kuuza, mwanamke aweza vilevile. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaandika ya kuwa haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini jaji hayupo kihambani siku ya kuondoa matanga, ambapo mambo huamuliwa. Neno la maumbile lipo.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu, hasa wale wanaofundisha hesabu, wafanye kidogo kama alivyofanya Hawkes. Mizani haikosekani kijijini. Wiki moja yatosha. Na yapimwe majani yanayotwaliwa tambarare kwa ajili ya ng'ombe aliyefungwa zizini, na maji, na samadi, na mikungu inayoteremshwa sokoni. Katika safu ya kwanza ya daftari liandikwe jina la aliyebeba kila mzigo. Katika safu ya pili liandikwe jina la mwenye kihamba.